Siku Agnes Aliporudi Bomani

Kwa miaka zaidi ya arobaini Agnes alishona nguo ambazo watu huvaa wanapokwenda mbele za Mungu. Majoho ya kwaya, kanzu za Idi, magauni meupe ya kipaimara. Na mara nyingine, ndugu wa marehemu wakifika mbio mbio na macho mekundu, alikata sanda. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza la duka la vitambaa la Noorbanu, mjini Singida, mahali ambapo upepo wa ziwani hupita asubuhi na vumbi la barabarani hupita mchana. Noorbanu alikuwa mjane wa Kihindi, aliyezaliwa palepale nyuma ya duka. Watoto wake walikuwa wamehamia ng'ambo naye akakataa kuwafuata, akisema kule kuna baridi na hakuna mtu wa kugombana naye. Wa kugombana naye alikuwa Agnes. Waligombana juu ya redio, juu ya majani ya chai, juu ya mkasi uliopotea, na hakuna hata mmoja wao aliyekumbuka siku ambayo hawakula pamoja.

Macho ndiyo yaliyoleta habari nyingine. Kwanza sindano ilikataa uzi. Kisha taa za pikipiki zikaanza kuwa na pete za rangi, nyekundu na kijani, kama kila pikipiki imebeba kiupinde chake cha mvua. Agnes alizipenda pete zile. Alidhani ni uzee unampa zawadi. Mpaka siku aliposhona mkono wa joho kwenye shingo, mbele ya mwenye joho, ndipo Noorbanu alipomshika bega akampeleka hospitali.

Alipotoka kwa daktari, Noorbanu alikuwa amekaa kwenye benchi na pochi mapajani.

"Amesemaje, Agnesi?"

"Presha ya macho. La kushoto limeshakwenda. La kulia limebaki kama tundu la ufunguo. Anasema dawa ya matone italichelewesha, lakini hairudishi."

Noorbanu alifunga pochi akasimama.

"Basi kabla halijakwenda, unataka kuona nini? Sema tu. Bahari? Wajukuu wako kule Mwanza?"

Agnes mwenyewe alishangaa jibu lilivyotoka haraka, kama lilikuwa limekaa mlangoni likisubiri kufunguliwa.

"Nataka kuona Boma, dada Noorbanu. Boma la kwetu."

Boma hilo liko juu ya Kilimamawe, mwendo wa saa chache kutoka mjini, ukishaacha lami ukashika barabara ya vumbi ya upande wa Kinyangiri. Wajerumani walilijenga kwa mawe na chokaa, na kuta zenye matundu membamba ya bunduki. Walipoondoka, likawa ofisi, kisha ghala, kisha likabaki tupu. Na kijiji cha chini ya kilima, ambacho hakikuwa na kanisa, kikaomba chumba kikubwa cha Boma kiwe mahali pa ibada. Kwa hiyo Agnes alipokuwa mtoto, Jumapili ilikuwa na maana ya kupanda mlima. Alipanda ameshika mkono wa mama yake, Sesilia, aliyekuwa na sauti ambayo watu walisema ingeweza kumwamsha kondoo aliyekwisha kuchinjwa.

Alipanda hivyo mpaka alipofika miaka tisa. Tangu hapo, miaka hamsini na saba, hakukanyaga tena. Alirudi nyumbani kwa misiba na kwa arusi, akalala kwa mdogo wake Joseph, akala ugali wa uwele, akaondoka. Kila alipotoka nje asubuhi alisimama akiwa ameupa mlima mgongo.

Walisafiri mwishoni mwa Machi, kwa gari dogo la kukodi, wakaondoka kabla jua halijachomoza. Ukungu ulikuwa umelala mabondeni. Kwa jicho lile moja Agnes aliiona nchi vipande vipande, kama mtu anayechungulia nyumba za watu: pembe za ng'ombe bila ng'ombe, kichwa cha mwanamke na ndoo yake kikielea juu ya weupe, kisha shamba la alizeti lililoanza kuchanua, manjano tupu, bila mwanzo wala mwisho. Hakujua alikuwa amesinzia au la. Alimwona mama yake ndani ya alizeti, amejifunga kitambaa cheupe kichwani, akitembea kwa mwendo uleule wa gari. Alipofumba jicho, mama alibaki. Alipolifumbua, ilikuwa jamvi limeanikwa juu ya kichuguu.

"Unacheka nini?" Noorbanu aliuliza.

"Sicheki."

"Unalia nini, basi?"

"Endelea kutazama dirishani kwako, dada."

Chini ya Kilimamawe walipokelewa na Peniel, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye mtoto mgongoni, aliyepewa na kijiji kazi ya kulitunza Boma na kuwaongoza wageni. Aliwapigia magoti kidogo, wote wawili.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, mwanangu," walijibu kwa pamoja, na Agnes akaongeza salamu ya Kinyiramba, ambayo Peniel aliipokea kwa furaha, akauliza yeye ni wa ukoo gani. Agnes akataja ukoo wa mume wake. Ule wa nyumbani aliumeza.

Walipanda polepole. Njia ilikuwa ya mawe yaliyolainishwa na nyayo, na umande ulikuwa bado juu yake. Noorbanu, mwenye magoti mabovu, alipumzika kila kona na kulaumu viatu vyake. Agnes hakupumzika. Miguu yake ilikuwa inaikumbuka njia kuliko yeye: hapa inua, hapa pinda, hapa kuna jiwe linalocheza. Lilicheza.

Ukungu ulipofunuka, ukuta ulisimama mbele yao. Ulikuwa mdogo kuliko ule wa utotoni na mkubwa kuliko ule wa ndotoni. Mkuyu ulikuwa umeota ndani ya mnara na kutoa tawi kupitia tundu la bunduki, likiwa na majani mabichi, kama mtu anayetoa mkono dirishani kuangalia kama mvua imeanza. Peniel alisukuma mlango.

"Hapa ndipo walipoabudu Wakristo wa kwanza wa kijiji hiki," alisema kwa sauti ya kazi. "Paa liliondoka zamani. Ule pale ukutani ni msalaba wa chokaa, mkitazama vizuri mtauona."

Agnes hakuutafuta msalaba. Alitafuta mahali pa sakafuni, hatua sita kutoka mlangoni, upande wa wanawake, akasimama hapo. Jua lilikuwa limeingia kwa juu, na mbayuwayu walipita ndani yake wakitoka na kurudi. Kwa jicho lake kila mmoja alikuwa na pete ya mwanga.

"Dada Noorbanu," alisema, "nikuambie kitu ambacho sijawahi kukuambia?"

"Miaka yote hii kuna kitu umebakiza?"

Agnes akasimulia huku amesimama. Mwaka ule alipokuwa na miaka tisa mvua zilikataa. Uwele ulinyauka ukiwa na urefu wa kiganja, na ng'ombe walianza kulala wasiamke. Juu ya kilima hikihiki, nyuma ya Boma, kuna jiwe ambapo Wanyiramba walikuwa wakiombea mvua kabla ya Mjerumani na kabla ya kanisa. Akina mama wa jiweni walimwendea Sesilia. Walimwambia: sisi tuna maneno, wewe una sauti, twende. Wanawake wa msikitini nao wakasema watakwenda. Sesilia akaenda. Siku tatu walilala pale juu, na wimbo walioimba aliutunga yeye. Mvua ilinyesha siku ya tano. Haikumsaidia. Jumapili iliyofuata wazee wa kanisa walimsimamisha katikati ya ibada, ndani ya chumba hiki, wakasema ameabudu mizimu, ametengwa. Mmoja wao alinyoosha mkono akamvua kile kitambaa cheupe cha wanakwaya kichwani, mbele ya watu wote.

"Mimi nilikuwa nimemshika mkono," Agnes alisema. "Hapa. Watoto wenzangu walikuwa wananitazama kutoka kule. Nikaona aibu. Nikauachia mkono wake, nikaenda kukaa na wao."

Peniel alikuwa ameacha kumbembeleza mtoto. Noorbanu alimsogelea rafiki yake.

"Akafanya nini?"

"Alitoka peke yake. Nilisikia miguu yake ikishuka mlima, na sikumfuata. Nilipofika nyumbani alikuwa amepika. Hakulitaja jambo lile, si siku ile wala siku nyingine. Alikufa mimi nikiwa na miaka ishirini na miwili, tukamzika bila kengele na bila wimbo, maana aliyetengwa haimbiwi. Nikarudi Singida kushona majoho."

Noorbanu alimfuta Agnes uso kwa ncha ya mtandio wake, kwa nguvu kidogo, kama anavyofutwa mtoto.

Walitoka nje upande wa pili. Peniel aliwaongoza akiwa amesahau sauti yake ya kazi. Nje ya ukuta wa kaskazini kulikuwa na uwanja mdogo uliozungushiwa mawe ya ukubwa wa kichwa, na upande mmoja mawe yalijipinda kuonyesha kibla. Askari Waislamu wa Boma waliyapanga wenyewe, Peniel alieleza, na hakuna aliyewahi kuyaondoa. Hata wachunga mbuzi huzunguka. Noorbanu alilitazama eneo lile kwa muda. Babu wa marehemu mume wake aliuza nguo na chumvi katika ngome za namna hii, akifuata punda kwa miguu. Alivua vile viatu alivyovilaumu njia nzima, akaingia ndani ya mawe, akainua viganja. Agnes alimngoja. Upepo ulipanda kutoka bondeni na harufu ya alizeti na kinyesi cha mbuzi, na kwa muda hakuna aliyekuwa na haraka duniani.

Jiwe la mvua lilikuwa hatua hamsini mbele: mwamba mpana, wa kijivu, wenye vishimo vya mviringo mgongoni vilivyojaa maji ya usiku. Katika kila kishimo kulikuwa na kipande cha mbingu. Agnes aliinama mpaka pua ikakaribia, akakiona kimoja kwa tundu lake la ufunguo: wingu dogo likivuka kisima cha ukubwa wa kikombe.

"Bado wanakuja?" aliuliza.

"Wanawake? Kila mwaka mvua zikichelewa," alisema Peniel. "Wa kanisani, wa msikitini, wasio na popote. Mchungaji anajua, shehe anajua. Siku hizi hawasemi kitu. Na nyimbo ziko nyingi, lakini mwanzo lazima tuanze na wa Mama Sesilia."

Agnes aliinuka.

"Wa nani?"

"Ndivyo unavyoitwa, wimbo wa Mama Sesilia. Sisi wa siku hizi hatumjui alikuwa nani, na wazee wakiulizwa hugeuza maneno. Wengine wanasema alikuwa mtawa, wengine wanasema hakuwa mtu, ni jina tu la wimbo. Bibi yangu alinifundisha, naye alifundishwa hapahapa." Kisha, kama mtu aliyesikia maneno yake mwenyewe yakimrudia, akaweka mkono mdomoni. "Mama. Kule ndani umesema..."

"Uimbe kwanza," alisema Agnes. "Nakuomba, uimbe."

Peniel akaimba. Aliimba kwa Kinyiramba, taratibu, akiyumba kidogo kwa ajili ya mtoto mgongoni. Ukiugeuza kwa Kiswahili unakuwa hivi:

*Mwenye mawingu, hatulijui jina lako lote,*
*kila nyumba inakuita kwa lake.*
*Kibuyu ni kitupu, mtoto analia,*
*shuka kwa jina lolote ulipendalo.*

Zilikuwa beti tatu. Sauti ya Peniel haikuwa kubwa, lakini mwamba uliichukua na kuirudisha kwa chini, kana kwamba kulikuwa na wanawake wengine waliokaa ndani ya jiwe wakiitikia. Agnes alikuwa amekaa, hakujua alikaa lini, viganja vyake viko kwenye maji ya kishimo. Watu walikuwa wakilitaja jina la mama yake miaka hamsini na saba. Wakati yeye analificha mjini, huku juu lilikuwa likiitwa kila mwaka, kwa sauti, na wanawake wasiomjua.

"Alikuwa mama yangu," alisema. "Na ubeti wa nne?"

"Upo wa nne?"

"Upo. Aliuimba nyumbani, akipepeta, baada ya kutengwa. Nilidhani kila mtu anaujua."

Sauti ya Agnes ilikuwa imechakaa, ya mtu aliyeshona nguo za wanakwaya na kukataa kuimba nao. Ilipanda ikavunjika, ikaanza upya.

*Wamenifungia mlango wa mbao,*
*mlango wa mawingu hauna komeo.*
*Aliyeniacha njiani simlaumu,*
*mvua ikishuka hainyeshi shamba moja.*

Alitafsiri kwa ajili ya Noorbanu. Noorbanu alisikiliza akiwa amekunja uso, kama anavyomsikiliza mteja anayetaja kitambaa asichokikumbuka.

"Huyo aliyemwacha njiani ni nani?"

"Wazee wa kanisa. Siku zote nilijua ni wale wazee."

"Wazee walimfungia mlango, Agnesi. Ubeti umeshawataja hapo mwanzo." Noorbanu alikaa kando yake kwa taabu, magoti yakilia. "Hawakuwa njiani naye. Aliyekuwa njiani naye ni mmoja."

Agnes aliyatazama maji. Mama alikuwa akiuimba ubeti ule jioni baada ya jioni, ungo ukipanda na kushuka, makapi yakiruka, na mtoto wa miaka tisa amekaa hatua mbili kutoka kwake akichambua mboga. Alikuwa akiambiwa. Miaka yote ile alikuwa akiambiwa, kwa lugha yake mwenyewe, naye akadhani ni habari za watu wengine.

Alipoinuka alisema mama yake ataimbiwa leo, kaburini, na Peniel akashuka mbele yao haraka kuwaita wanawake, mtoto akirukaruka mgongoni. Walipofika kwa Joseph, alasiri, habari zilikuwa zimeshawatangulia. Joseph alikuwa amesimama uani, mzee wa miaka hamsini na minne mwenye mikono ya mkulima, hajui aweke wapi mikono hiyo.

"Dada, shikamoo. Nasikia mnataka kuimba kaburini."

"Marahaba. Ndiyo."

"Mambo ya zamani hayo. Tumeshazoea yakae hivyo. Watu watasema."

"Joseph, ulikuwa na miaka kumi tulipomzika mama. Unakumbuka nini?"

Alifikiri. Kuku walipita katikati yao.

"Ukimya," alisema. "Nakumbuka udongo ulivyokuwa ukilia kwenye jeneza, maana hakukuwa na wimbo wa kufunika mlio wake." Akainamisha kichwa. "Ngoja nikalete jembe, majani yameota."

Alilima kuzunguka kaburi, nyuma ya nyumba, penye minyaa. Wanawake walianza kufika, wawili, kisha watano, kisha Agnes akaacha kuwahesabu kwa sababu jicho lilikuwa limechoka na kila mmoja alikuwa rangi tu inayosogea: kitenge cha machungwa, hijabu ya bluu, kaniki nyeusi ya bibi mmoja aliyeletwa kwa baiskeli. Jua lilikuwa limelala upande, na vumbi la jembe lilisimama hewani likiwa dhahabu. Peniel alianzisha. Beti tatu walizijua wote. Ilipofika ya nne, walinyamaza, wakamwachia Agnes, naye akaimba peke yake mbele ya mama yake, akiwa ameweka kiganja juu ya udongo uliopinduliwa, wenye unyevu na joto la ndani.

Kisha akainama akasema jambo kwa sauti ya chini, kwa Kinyiramba, ambalo halikuwa la mtu mwingine. Joseph alimnyanyua. Bibi wa kaniki aliulizwa kama alimjua marehemu, akasema alikuwa msichana mwaka ule wa ukame, alibeba maji kwenda jiweni, na Sesilia alimgawia nusu ya kiazi. Ni hilo tu alilokumbuka. Agnes alilipokea kama urithi.

Jicho la kulia lilifunga kabla ya Krismasi. Halikufunga kwa kishindo. Lilipungua kama taa inayoishiwa mafuta, na asubuhi moja Agnes alimwuliza Noorbanu kwa nini amefungua duka wakati bado kuna giza, na Noorbanu akasema, "Kumekucha muda mrefu," kisha wakakaa wameshikana barazani mpaka mteja wa kwanza alipokohoa. Cherehani waliihamishia kwa fundi mwingine, Editha, msichana mwenye mkono mwepesi. Agnes alibaki kumfundisha. Alipitisha vidole kwenye mshono akasema, "Hapa umekimbia," na Editha alifumua.

Januari mvua zilikawia. Peniel alipiga simu, sauti yake ikikatika na upepo wa kilimani.

"Mama, tunapanda Alhamisi. Wanauliza kama mwenye wimbo atakuja."

Alikwenda. Alipanda bila kuona chochote, mkono mmoja kwenye bega la Joseph, na miguu ikamwambia hapa inua, hapa pinda. Juu walimkalisha kwenye mwamba, na wanawake wakamzunguka; alihisi joto la miili yao na harufu za mafuta ya nazi, moshi na watoto. Ndani ya macho yake hakukuwa na giza kama alivyoogopa. Kulikuwa na manjano hafifu isiyo na ukingo, na watu wake wakitembea ndani yake bila haraka. Aliimba beti zote nne, na ya nne safari hii hawakumwachia peke yake.

Mvua haikunyesha siku ile. Ilinyesha Jumanne ya wiki iliyofuata, Agnes akiwa amerudi barazani anachambua mchele kwa vidole, na Noorbanu akatoka dukani mbio kumwambia jambo ambalo mwenzake alikuwa ameshalisikia kwenye mabati.